Vita vya Kiprotich na Mlima wa Oxon Hill

Sogeeni, enyi mlao pilau kwa sahani za karatasi, na mwenye simu aizime! Sikieni habari za Kiprotich, simba wa zamu za usiku, mlezi wa wazee wa Maryland, na alasiri ile ya Oktoba, mwaka wa elfu mbili na sita, alipoutangazia mlima vita.

Chanzo kilikuwa baiskeli. Kiprotich aliiegesha sebuleni, grisi yake ikalichafua zulia, na Jeptoo mkewe, malkia wa ghorofa ya tatu, akapitisha hukumu.

"Baba Cheryl, hiyo baiskeli inatoka leo. Wewe ni Mkale wa aina gani, Wakalenjin wenzako wanashinda marathon, wewe stairs tu zinakumaliza!"

Shujaa akainuka, mkono kifuani. "Sikia, ewe binti wa Kapsabet! Nitaupanda mlima huu kutoka mtoni, peke yangu, bila kushuka. Nikishindwa, chuma kiende. Nikishinda, kilale papa hapa hadi kiama!"

"Lakini shemeji," akadakia Domina, jirani yao Mtanzania aliyekuja kuomba tangawizi, "si tunakaa huku juu? Utaupandaje bila kushuka kwanza?"

Kiapo kikabidi kishonwe upya: asikanyage chini.

Basi akateremka hadi ukingo wa Potomac, jaketi limejaa upepo, akageuza, akaukabili mlima. Mapaja yakaasi, mapafu yakaomba amani, akayanyima. Mama mmoja aliyekuwa akikimbia huku akisukuma kigari cha mtoto akampita, akamwambia, "Good job, sir!" na tusi hilo shujaa akalimeza. Hata hivyo moyo ulimcheza kwa raha. Hapakuwa na bosi wala kengele ya mgonjwa, ila yeye na lami na miti iliyogeuka rangi, na kila alipokanyaga pedali alijiona kijana tena. Akacheka peke yake, kwa pumzi asizokuwa nazo.

Karibu na kilele, basi la manjano la shule likasimama mbele yake, likanyoosha kibao chake chekundu. Sheria ya nchi ile ni kali: kibao kikitoka, hapiti mtu. Kupita ni kesi, na kusimama ni kukanyaga chini. Ndipo Kiprotich, bingwa wa hila, akakata kona, akaanza kuzunguka nyuma ya basi, duara baada ya duara, anayumba, ulimi nje, na watoto wamejaa madirishani wakimshangilia. Mmoja tu alijikunyata chini ya kiti: Cheryl, bintiye.

Kibao kikarudi. Shujaa akazikanyaga pedali za mwisho, akafika mlangoni pa jengo, akaanguka majanini na baiskeli juu yake.

Jeptoo akamsimamia kichwani. "Umefika, sawa. Na shahidi wako nani?"

Cheryl ndiye aliyetokea, begi mgongoni, uso umemvimba kwa aibu.

"Mom, he was going in circles. In front of everybody."

"Alikanyaga chini?"

"No," akasema Cheryl, akitamani heri angekanyaga. "I wish he had."

Jeptoo akacheka mpaka akakaa majanini kando ya mumewe.

Andikeni basi, enyi watunza tarehe, na vizazi visome: siku hiyo mlima wa Oxon Hill ulitekwa, na chuma kikalala sebuleni kwa heshima zote, juu ya gazeti alilolitandika Jeptoo mwenyewe.