Viota vya Bi Saadia

Jumatatu, 3 Februari 2025

Siku ya fedheha. Bi Mwanabaraka amekuja kutoka Lamu kutafuta pa kulaza ukoo wake. Mjukuu wake anaoa hapa Mji wa Kale Ijumaa baada ya swala. Nyumba ya wageni itakayowapata watu wale imepata jina mpaka Lamu. Nilimpokea kwa marashi na kahawa ya tangawizi. Nikampandisha ngazi mwenyewe. Vyumba vikamridhisha, mashuka yakamridhisha. Kisha akatoka kichochoroni, akainua uso, akauliza mbayuwayu wetu wako wapi.

Hatuna. Mwaka juzi niliziba kila upenyo chini ya paa kwa saruji, nikapaka na rangi juu yake, maana walikuwa wakinichafulia ukuta. Kazi safi. Majirani waliiga. Sikumwambia hayo. Nilisema wametoka kidogo.

Bi Mwanabaraka akasema nyumba isiyokaliwa na mbayuwayu haina baraka, na yeye halazi bwana harusi pasipo na baraka. Akageuka kuitazama nyumba ya ng'ambo ya kichochoro. Ya Bi Saadia, mshindani wangu. Boriti zake za zamani zimejaa ndege mpaka wanasukumana. Zamani hakuwa na wengi hivyo. Sijui amewatoa wapi.

Atarudi Jumatano kuamua. Jioni mke wangu Ummukulthum akanikumbusha kwamba nyumba hii ni urithi wake kutoka kwa marehemu babake, mimi ni msimamizi tu. Vyumba vikibaki vitupu Shaaban hii, na Ramadhani hasafiri mtu, atampa kaka yake Abdulkadir aifanye bohari. Abdulkadir anauza vigae na vyoo kule Ganjoni. Ameniahidi kazi ya kulinda masinki. Aliniahidi huku akitabasamu.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata! Ndege haitwi akaja, lakini kiota chaweza kuhamishwa. Mbayuwayu akikuta nyumba imeshajengwa, atakataa kuingia?

Nilikwenda kwa Bi Saadia na uso wa ujirani mwema. Nikamwambia pembe ya roshani yake, pale nje ya chumba cha juu, ina viota vikuukuu visivyo na ndege, vinamharibia sura ya nyumba. Nikajitolea kumwondolea, kwa hisani tu. Nilijitayarisha kwa maswali. Hakuuliza hata moja. Aliinua mikono akaniombea dua. Akaniletea ngazi, akanitilia chai, akanikatia halwa. Alisema chumba kile amekifunga tangu mwezi uliopita, kina matengenezo kidogo. Kisha akasimama mbali, mtandio puani, akinitazama. Maskini, hajui alichonipa.

Vilitoka vizima kama vikapu. Manyoya, majani makavu, vyote vimegandishwa kwa mate ya ndege. Ngazi alinishikia Levi, mpangaji wangu wa kudumu, mtu wa bara, karani wa bandarini, mpole asiyejua kukataa kazi. Aliniuliza mbona vumbi la kwenye gunia linatembea. Nikamwambia ni upepo.

Jumatano, 5 Februari

Ushindi. Viota vimeshika kwa gundi ya mbao chini ya paa, juu ya kila dirisha la wageni. Kizuri kuliko vyote nimekiweka ndani, kwenye kidaka cha ukutani juu ya kitanda cha Bi Mwanabaraka, baina ya bakuli la kauri na chetezo. Ndege wenyewe bado. Nilificha simu nyuma ya dirisha, ikawa inatoa sauti za ndege.

Bi Mwanabaraka alikuja alasiri. Alivitazama viota, machozi yakamlengalenga. Alisema vinamkumbusha nyumba ya mamake, alivyokuwa akilala akiwasikiliza ndege. Moyo ulinichoma kidogo. Mara ndege wakanyamaza na tangazo la magodoro likaanza. Nikakohoa mpaka likaisha. Akadhani nina kifua, akanishauri asali.

Wanaingia kesho, ukoo mzima. Nimempigia shemeji Abdulkadir kumwambia atafute bohari kwingine. Hakutabasamu, nilimsikia kwa sauti. Ummukulthum amenipikia pilau bila kuombwa.

Alhamisi, 6 Februari

Nyumba imejaa. Udi, vicheko, viatu mlangoni. Hivi ndivyo nilivyoumbwa niishi.

Dosari ndogo. Levi alitoka chumbani asubuhi shingo imevimba. Nikamwambia ni joto. Akasema joto halina miguu, hili lilikuwa na miguu. Sikuupenda ujeuri ule.

Kisha akapita Hiba, binti wa ndugu yangu, anayesomea wanyama na vimelea vyao chuo kikuu. Kabla ya kuketi aliinua macho kwenye paa, akakunja uso. Kwanza akanisahihisha: wenye viota hivi si mbayuwayu, ni teleka. Watoto wa siku hizi. Kisha akauliza viota nimevitoa wapi. Nikasema vimejileta.

Alinishika mkono akaniweka kando wageni wasisikie. Akasema, ami Yazid, teleka wana kunguni wao, wanaokaa kiotani na kunyonya damu ya ndege. Zamani hawakuwa tatizo, ndege walikuwa wametawanyika nyumba hata nyumba. Sasa watu wameziba mapaa kwa saruji. Ndege wote wamebanana kwenye boriti chache zilizobaki, na kunguni nao wamezidi, mpaka ndege wenyewe wanaikimbia pembe iliyojaa. Kunguni hubaki kwenye kiota kitupu wakingoja. Njaa ikiwashika, watamfuata yeyote mwenye damu. Kwa ufupi, alisema, nimeihamisha nyumba pamoja na wenyewe, nikamwacha aliyekuwa akiwalisha.

Nilimuuliza ni wajinga gani hao wanaoziba mapaa. Akaitazama saruji yangu chini ya paa. Akaendelea kwamba hata kunguni wa vitandani mwetu wanadhaniwa asili yao ni popo wa mapangoni, wakamhamia binadamu alipokwenda kulala humo. Hapo sikusikiliza sana. Mji wa Kale hauna mapango.

Amenisihi nivitoe viota leo leo, nivichome, na vyumba vipulizwe dawa. Na wageni wamo ndani? Wakinusa dawa si watajua? Nimeongeza udi.

Ijumaa, 7 Februari

Sijui nianzie wapi.

Waliamka wakijikuna. Bi Mwanabaraka jicho moja limevimba likafumba. Mashangazi wa bwana harusi walikuwa wamepakwa piko mikono na miguu, ua juu ya ua, na asubuhi kila ua lilikuwa na kipele katikati. Nikalaumu mbu. Kwa adabu zao wakakubali.

Kilichonimaliza ni msikitini. Bwana harusi ameketi mbele ya shehe, mkono wake umo mkononi mwa baba wa bibi harusi, anaozeshwa. Kwa mkono wa pili anajikuna kwapani. Kanzu inatikisika yote. Shehe akasita, akamuuliza kwa upole kama kuna anayemlazimisha. Ndipo mdudu alipotoka kwenye kola ya kanzu akapita begani, taratibu, bila haya, mbele ya koo zote mbili. Baba wa bibi harusi akauachia mkono. Baadaye akaushika tena, kwa ncha za vidole. Ndoa imepita, alhamdulillahi. Mimi niliondoka kabla ya halwa kutolewa.

Nilipofika nyumbani mabegi yalikuwa kichochoroni. Wanahamia kwa Bi Saadia. Chumba chake cha juu kimefunguliwa, matengenezo yamekwisha tangu Jumanne. Alinishukuru tena kwa kumsafishia roshani, kwa sauti, mbele ya watu wote. Nilitamani ardhi inimeze.

Bi Mwanabaraka hakunigombeza. Alisema tu kwamba aliviamini vile viota. Heri angenitukana.

Jumapili, 9 Februari

Levi amehama. Ameniachia ufunguo, na chupa ya dawa ya kunguni iliyobaki nusu. Muungwana.

Watu wa dawa wamepuliza nyumba nzima na viota vimechomwa. Nilimweleza Ummukulthum kwamba kosa ni la Bi Saadia, alijua na akanipa mali mbovu. Akanijibu kwamba gunia lilikuwa langu. Kisha akanyoosha mkono kuomba shada la funguo. Nimelibeba miaka yote ya ndoa yetu. Nikalitoa mfukoni, akampa Abdulkadir papo hapo ukumbini. Shemeji alitabasamu. Nimelia chooni, maji yakiwa wazi ili nisisikike.

Alhamisi, 13 Februari

Bohari. Vyumba vimejaa vigae mpaka madirishani. Kwenye kidaka cha chumba kizuri wameweka mabomba. Naandika nikiwa nimekalia choo kipya kilichofungwa nailoni. Abdulkadir anakiita kiti cha ofisi.

Hiba alikuja kunipa pole. Alinishauri nibandue ile saruji chini ya paa, nitulie, teleka watarudi wenyewe polepole, msimu kwa msimu, na nyumba ya Bi Saadia nayo itapumua. Polepole! Nitakuwa nimezeeka juu ya choo hiki. Nilimshukuru, nikamsindikiza mlangoni.

Lakini saruji kuitoboa ni wazo zuri. Nimelifikiria tangu adhuhuri na sasa naona wazi nilipokosea. Nia ilikuwa njema, kiumbe ndiye hakufaa. Kule Mbaraki kuna ghala lililoachwa, dari yake imejaa popo. Wanyama watulivu. Hawamchafulii mtu boriti kwa manyoya na majani, wananing'inia tu. Wanakula mbu. Watalii watapanda ngazi kuwatazama. Na nyumba yenye popo darini, nani ataendelea kuijaza vigae? Ummukulthum ataona kwa macho yake, na funguo zitarudi mfukoni mwangu kabla ya Ramadhani.

Nimeshazungumza na Dishon, fundi aliyenizibia paa mwaka juzi. Kesho atakuja kutoboa tundu, kisha twende Mbaraki. Gunia ninalo, lile lile, sikuruhusu lichomwe.

Na safari hii nimekuwa mwangalifu, nimechunguza kabla. Popo hajengi kiota. Pasipo kiota, huyo kunguni atakaa wapi?