Siku Bwana Mche Alipoliteka Papai

Jongeeni, enyi wenye masikio mawili, na hata ninyi mliobakiwa na moja zima! Acheni sufuria ziungue, nyamazeni kama kuku waliomwona mwewe, nipate kuwasimulia vita vilivyopiganwa Jumamosi moja, baada ya chai na kabla ya jua kufika utosini, katika uwanja wa nyuma wa mdogo wangu, Bwana Mche, Simba wa Mboji, Mtesi wa Magugu, Mlezi wa Miti Isiyozaa. Ewe ulimi wangu, usinisaliti. Nawe jino langu la mbele, uliyebaki peke yako kama mlinzi langoni, simama imara, maana maneno ni mazito na mlango ni mwembamba.

Shujaa huyu, siku alipostaafu kazi ya ghalani, alipanda juu ya debe akatangaza kwamba watu wa mtaa ule wameliwa na uvivu, na kwamba yeye atawafundisha kupanda matunda, kuyakausha, kuyapika jamu, na kuishi bila kumwomba mtu hata chumvi. Ndipo ikaanzishwa Semina ya Matunda na Kujitegemea. Viti vya kukalia wanasemina viliazimwa kwa fundi viatu, turubai la kivuli likaazimwa kwa mshonaji, na matunda ya kufundishia jamu alikwenda kuyanunua sokoni wifi yangu, mke wa shujaa, akayapitisha mlango wa nyuma chini ya kanga, ili kujitegemea kusione haya.

Lakini fahari ya ufalme ule ilikuwa mipapai. Mnajua kwamba mpapai una dume na jike, na kwamba dume huchanua akajipamba, asizae. Mipapai ilipoanza kuchanua, shujaa aliita semina nzima tujifunze kuchambua. Akainua shada la maua yaliyoning'inia marefu kama hereni za bibi harusi, akanena kwa sauti ya kutetemesha mabati:

"Tazameni! Huyu aliyejipamba ndiye mwanamke. Na hawa wenye maua machache, yaliyonuna shinani, ndio wanaume. Wanakula mbolea bure. Wang'olewe!"

Tukapiga makofi, majembe yakalia, na majike yote yakalala mbojini. Tangu siku ile uwanja ulisimama kama kambi ya jeshi: madume matupu, marefu, yenye hereni, na hakuna hata moja lililoshika mimba.

Wifi yangu alivumilia. Mwisho uvumilivu nao ukastaafu.

"Baba watoto," akasema, mikono kiunoni, "mimi semina siikatai. Lakini kila wiki watu wanakanyaga uwanja wangu, nguo naanika juu ya madirisha, na sijaona hata tunda la kumpa ndege. Jumamosi hii nile tunda moja la humu ndani. Moja tu! Na niseme kwa kinywa changu kwamba ni tunda. La sivyo naikata mipapai yako yote, nafunga kamba zangu za nguo, na semina kahubirie barabarani."

Shujaa akapauka. Bila semina yeye ni nani? Ni mzee aliyestaafu, anayeulizwa kila saa kwa nini amekaa njiani. Lakini majaliwa hayamtupi jasiri. Kwenye mpapai mrefu kuliko yote, kwa kuwa hata dume mara moja moja husahau udume wake, lilikuwa limening'inia papai moja, mwisho wa kikonyo kirefu, kubwa kuliko ngumi ya mtoto, dogo kuliko ngumi ya mama yake, nalo shavu moja lilikuwa limeanza kuwa la njano.

Jumamosi ikafika. Wanasemina wakaketi. Na juu, karibu na papai, akatua adui: kunguru.

"Ewe mnyang'anyi uliyevaa kola bila kuajiriwa!" akanguruma Bwana Mche, amesimama juu ya kiti. "Jasho la wanyonge hutalionja! Rudi ulikotoka, kabla sijaupaka ukoo wako wote aibu!"

Kunguru akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza hotuba ya pili.

"Nikuletee ngazi yangu ya chuma?" akauliza fundi viatu. "Ni hapo tu."

"La! Ngazi ya kuazima? Mbele ya darasa?"

"Na kiti ulichokanyaga hicho ni cha nani?" akauliza mshonaji.

Shujaa hakusikia. Mashujaa hawasikii kila kitu. Akaenda nyuma ya jiko akatoka na ngazi aliyoitengeneza mwenyewe siku ya somo la vifaa, ngazi yenye vidato vya kila ukoo, tena visivyosalimiana. Akaiegemeza kwenye mpapai.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "mpapai hauegemewi. Shina lake tupu ndani, kama ahadi."

"Dada, wewe kaa uitazame historia."

"Nimekaa. Ila isiniangukie."

Akapanda. Kidato cha kwanza kikaguna. Cha pili kikalalamika. Cha tatu kikajiuzulu, akakiruka kwa mruko ambao magoti yake hayakuwa yameuona tangu ujanani. Mpapai ukaanza kuinama kidogo kidogo, kwa heshima, kama mkwe anayesalimia. Nasi tulioketi upande ule tukainuka na viti vyetu, tukahamia upande wa pili, bila kumkatisha moyo.

Kunguru akadonoa mara moja.

Ah, hasira ya wakuu! Bwana Mche akavua kofia, akamchapa nayo adui usoni. Na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa vitani, akaunyosha wa pili kulikamata papai. Na kwa kuwa binadamu hakupewa mkono wa tatu, ngazi ikabaki bila mwenyewe. Ukasikika mlio, *ko!*, na mpapai ukavunjika katikati. Taji la majani likashuka, shujaa akiwa ndani yake kama mfalme katika machela, polepole kwanza, kisha si polepole tena, hadi katika shimo la mboji ambalo alikuwa ametuhubiria sifa zake wiki iliyotangulia.

Kunguru akarukia ukutani, akachungulia shimoni.

Kisha, kutoka katika maganda na samadi, ukachomoza mkono, na mkononi papai.

"Limepona!" ikasema mboji.

"Na wewe je, umepona?" mshonaji akapiga kelele.

"Mimi baadaye!"

Wifi yangu akaleta kisu. Akaondoa pale palipodonolewa na kunguru, akagawa sehemu iliyobaki vipande vyembamba hivi kwamba ukikiinua chako unamwona jirani kupitia kwacho. Fundi viatu akatafuna, akafumba macho, akatafuta neno. "Lina ladha ya maji," akasema, "maji yaliyosimuliwa habari za papai."

Lakini macho yote yalikuwa kwa wifi. Bwana Mche alisimama mbele yake, samadi mabegani, jani sikioni, mikono imeshikana kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Wifi akatafuna. Akautazama mpapai ulioanguka. Akatazama pengo ulipokuwa, jua jipya likimiminika kutoka ukutani hadi mlango wa jiko. Akatafuna tena. Akameza.

"Ni tunda," akasema. "Sijasema tamu. Ni tunda."

Lo! Vigelegele! Viti vya watu vikaanguka, kofia zikarushwa, fundi viatu akamkumbatia shujaa, kisha akajuta kwa sababu ya samadi. Na kabla makofi hayajaisha, wifi yangu alikuwa amekwishafika pale kwenye pengo na kamba, anapiga msumari ukutani.

Bwana Mche hakuliona hilo. Alipanda juu ya kiti cha watu, akapangusa jicho, akanena: "Ndugu wanasemina! Jumamosi ijayo, msikose. Somo letu litakuwa: Namna ya Kuhifadhi Mavuno Yanapozidi."

Tukashangilia mpaka sauti zikakauka, maana kila mtaa una haki ya kuwa na shujaa wake. Basi wajukuu wakiwauliza njaa ilishindwa lini duniani, waambieni ilikuwa Jumamosi ile, uwanja wa nyuma, kabla ya saa sita. Kisha nendeni nyumbani mkapike.