Semina ya Likizo ya Kodi Igogo

Asubuhi ile Muganyizi hakuwa amemtendea mtu yeyote ubaya, na haki hiyo lazima apewe mapema kwa sababu haitadumu. Alikuwa anapita tu zake Nyamagana, amevaa suti aliyoazima kwa dobi bila mwenye suti kujua, mkononi ana brifkesi yenye shati moja na kipande cha sabuni. Mara milango ya maduka ikaanza kufungwa. La kwanza, la pili, kisha mtaa mzima, utadhani kuna msiba. Wiki nzima redio ilikuwa ikieleza habari za kodi mpya, ile ya ongezeko la thamani, itakayoanza Julai. Wafanyabiashara wa Mwanza hawakuelewa thamani gani inaongezeka, ila walielewa kwamba kodi huja na mtu mwenye suti na brifkesi.

Mtu mwingine angejisikia vibaya. Muganyizi alisimama katikati ya barabara, raha ikampanda kutoka miguuni, maana alikuwa na shida iliyoanza kumkosesha usingizi. Kwa miaka mitatu alimwandikia mama yake Bukoba kwamba yeye ni meneja wa kiwanda cha samaki. Kiwandani kweli aliwahi kuwepo. Alilinda geti la mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki minofu ikishapelekwa Ulaya, mpaka akafukuzwa kwa kuyauza. Sasa mama kachoka kusoma barua. Jumamosi amealika ukoo mzima na padri, mbuzi kafungwa uani, na meneja anasubiriwa ashuke melini na mali mikononi.

Akagonga kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee Chenge.

"Shikamoo, mzee. Sikuja kukukadiria kodi."

"Marahaba," sauti ikajibu nyuma ya mifuko ya saruji. "Mwenye duka kasafiri."

"Akirudi mwambie wenye viwanda vya minofu wamepewa likizo ya kodi, miaka mitano bila kulipa. Na wazalendo wanaweza kuipata wakiwahi."

Mara mwenye duka akarudi kutoka safarini, vumbi la saruji kichwani.

"Miaka mitano? Mimi tangu nifungue duka hili sijapata hata likizo ya kuumwa!"

"Ndiyo maana serikali inawaletea semina, mzee wangu. Ijumaa, Igogo, ukumbi wa Mama Wilhelmina. Ada elfu ishirini. Unatoka ukiwa Mwekezaji Mzalendo. Unatundika cheti ukutani, mtu wa mapato akikiona anakuomba radhi."

Chenge aliapa kuitunza siri hiyo, akaitunza kwa muda unaotosha kuvuka barabara.

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka madirishani, na sanduku la ada likajaa mpaka kifuniko kikagoma kufunga. Mbele kabisa alikaa Masele, mwenye malori manne na tumbo linalolingana nayo. Mama Wilhelmina, mwenye baa na ukumbi, alisimama kaunta akifuta bilauri na kusikiliza.

Muganyizi alikuwa fundi wa maneno, tuseme ukweli.

"Nani ananunua mashangingi, yale magari ya wakubwa?"

"Sisi!"

"Nani anayapanda?"

"Wao!"

"Minofu inakwenda wapi?"

"Ulaya!"

"Na sisi tunabakiwa na nini?"

"Mapanki!"

Watu walipanda juu ya viti. Hata Masele, ambaye hakuwa ameonja panki tangu anunue lori la kwanza, alifuta machozi. Muganyizi akatazama saa, akakumbuka meli ya jioni, akalikumbatia sanduku.

"Vyeti mtavipata Jumatatu. Kama hakuna swali..."

"Lipo," akasema Masele. "Posho tunapewa kabla ya chakula au baada?"

Muganyizi alicheka, kisha akagundua amecheka peke yake.

"Hii si semina ya serikali?" Chenge akauliza taratibu.

"Ni ya serikali, mzee."

"Nimehudhuria semina ya kipindupindu, nikapewa posho. Ya kupanda miti, nikapewa posho na kofia. Sasa hiyo serikali yako isiyo na posho ni ya nchi gani?"

Vijana wawili wenye vifua wakaenda kusimama mlangoni. Mtu mmoja akataja polisi. Muganyizi angeweza kughushi muhuri, barua, hata waziri mzima, lakini semina ya serikali isiyo na posho hakuna Mtanzania ambaye angeiamini.

"Posho ipo!" akapaza sauti, jasho likimtoka. "Nilikuwa napima kama mko macho."

Ukumbi ulipiga makofi, na hapo ndipo matumizi ya serikali yalipoanza. Masele alitaka posho ifuate ukubwa wa mtu, kwa kuwa mwenye malori akikaa kutwa anapoteza zaidi ya mwenye kibanda.

"Yaani hata hapa mwenye nacho aongezewe?" Chenge akaruka. "Si ndiyo hayo tumetoka kuyalaani sasa hivi?"

Wakabishana mpaka ikaundwa kamati ya kutafuta usawa, mhazini wake Mama Wilhelmina. Kamati ikajifungia nyuma ya friji la bia, ikatoka na uamuzi wa busara: watu wote ni sawa, isipokuwa kamati. Ikaja posho ya kikao cha kamati. Ikaja nauli. Kikaja chakula, soda, ukumbi, mafuta ya jenereta, na posho ya dereva wa Masele, ambaye ni Masele mwenyewe. Kila mtu alipokea pesa yake aliyoitoa asubuhi, imepungua, akaishukuru serikali kwa moyo mweupe. Muganyizi alitazama sanduku likikonda, akataka kulia.

"Imebaki posho ya mgeni rasmi," akasema Mama Wilhelmina.

Muganyizi akanyoosha mkono. Chenge naye akanyoosha wake, juu kabisa.

"Hoja, mheshimiwa! Hicho si kipato? Kimekatwa kodi?"

Wakashangilia. Kodi ikakatwa, ikapewa kamati iitunze. Kilichobaki kilitosha tiketi ya daraja la tatu.

Mama Wilhelmina alimsindikiza mpaka nje, akamtilia mkononi bahasha ya mafuta mafuta yenye mapanki ya kukaanga.

"Nilikujua tangu asubuhi, mwanangu. Mtu wa serikali hasa angedai posho yake kabla hatujafungua kwa sala."

"Mama yangu atamchinja mbuzi kwa ajili ya meneja," Muganyizi akasema.

"Basi mbuzi yupo, kilichokosekana ni meneja tu. Nenda ukale. Mama ni mama."

Melini, chini kabisa kwenye mizigo, wachuuzi walipoiona suti na brifkesi walianza kusukuma vitenge vyao chini ya magunia ya mchele. Mwanamke mmoja akavikalia, akatazama dari. Muganyizi akaketi katikati yao, akafungua bahasha, akawakaribisha mapanki.

"Msinikimbie, ndugu zangu," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anadanganya. "Mimi ni mlipa kodi."