Kayaki Yangu na Boti la Shemeji

Jumatatu, 7 Julai 2025

Bahati imenikumbuka. Dada Efrazia, meneja wa kambi moja ya watalii kule Ikoma, anasema wageni wake wamechoka kutazama nyumbu kupitia dirisha la gari. Wanataka kucheza majini. Jumamosi atawaleta hapa Natta, kwenye bwawa letu. Atakayewafurahisha ndiye atakayepewa wageni msimu mzima. Mimi nina kayaki: mtumbwi mwembamba wa plastiki, rangi ya machungwa. Nimeuza ng'ombe kuupata. Mshindani ni mmoja, shemeji Wangwe, kaka wa mke wangu, aliyekuja kutoka Tarime na boti la injini. Linanguruma kama mashine ya kusaga. Nani apande ndege kutoka Ulaya kuja kusikiliza mashine ya kusaga?

Jumatano, 9 Julai

Mazoezi. Kuingia kwenye kayaki ni rahisi. Kutoka, hapana. Tumbo lilikubali kushuka, likakataa kupanda. Ng'ombe wa mzee Machage wakaja kunywa maji, mmoja akanilamba shingo. Nikampa mzee shikamoo yake nikiwa humo humo. Akaitikia, kisha akauliza kama hilo ni jeneza. Amenichomoa kwa kamba ya maksai. Wangwe alikuwa ng'ambo, ananitazama bila kucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 11 Julai

Kazi imekwisha. Mchana, Wangwe alipokwenda kula (kwangu!), nilinyonya petroli yote ya boti kwa mpira. Nyingine nilimeza. Mke wangu, Ghati, kauliza mbona nanuka kama pikipiki. Nikasema ni dawa mpya ya meno. Akaniambia nisikae karibu na jiko.

Jumamosi, 12 Julai

Siku yenyewe. Wageni sita. Wangwe kavuta kamba ya injini mara ishirini. Kimya. Mimi nikatazama mawingu. Nikampakia mgeni mmoja, mzee mrefu, mpole, tukaenda kwa madaha hadi katikati. Hapo akageuka kumpiga picha korongo. Kayaki nayo ikageuka. Safari hii tumbo lilitoka lenyewe, kwa hofu. Majaketi ya kuelea tuliyovaa yalituweka juu, lakini maji ya ng'ombe nimeyanywa ya kutosha.

Aliyetufikia ni Wangwe, wageni watano ndani ya boti, anapiga kasia taratibu. Kamvuta mzee kwanza. Kisha akaniinamia, akanong'ona: "Shika mkono, shemeji. Ila pumulia kule. Unanuka petroli yangu."

Dada Efrazia amechagua boti. Sababu? Halina kelele. Wageni wamesikia kila ndege! Nilitaka kumweleza kuwa injini inanguruma, imekosa petroli tu. Ningeulizwa nimejuaje.

Jumapili, 13 Julai

Wangwe kaja baada ya kanisa. Hakumwambia dada yake, Ghati, lolote. Kaniomba tu niwe mpiga kasia wake, tugawane kinachopatikana. Ghati akasema nikubali upesi, kabla kaka yake hajapata akili. Huyu mtu ningemwacha majini, mimi. Nikaomba muda nitafakari.

Nimetafakari. Kosa langu nimeliona: watalii hawatulii. Jirani yetu Filemoni anaoa Agosti. Nimemshawishi aachane na magari ya kukodi, bibi harusi aje kwa kayaki, na shela lake, akivuka bwawa zima. Amefurahi sana. Kauliza tu kama nimemwuliza bibi harusi iwapo anajua kuogelea. Nikamwambia hayo ni mambo ya upande wa mke, mimi sipendi kuingilia familia za watu.