Ufafanuzi wa Mheshimiwa Juu ya Kunata kwa Tone la Juisi

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya aliyealikwa kupata udhuru; waheshimiwa wajumbe wa bodi; mke wangu, ambaye naye ni mjumbe; wakulima wa mapasheni; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi, meza kuu.)

Nimesimama kuwapa mrejesho wa kitaalamu juu ya Mradi wetu wa Kimkakati wa Kukausha Juisi kuwa Unga, maana yamezagaa maneno kwamba mling'oa mahindi mkapanda mapasheni kwa ushauri wangu, na sasa yanawaozea. Wenye fikra finyu wanaita hasara. Mimi naita fursa. (Minong'ono.)

Ndugu zangu, juisi hunyunyizwa ndani ya mnara wa kukaushia kwa matone madogo, yakapigwa na hewa ya moto, yakatua chini yakiwa unga. Lakini tone la pasheni lina sukari nyingi: ngozi yake ikipata joto hulainika, ikanata kama pipi iliyotemwa, na likigusa ukuta halibanduki. Ndiyo maana unga hamjauona. Umenata. Kwa tathmini yetu shirikishi, asilimia mia moja ya uzalishaji imenata, kiwango ambacho hakuna taasisi jirani iliyowahi kukifikia, na suala hili nimelifuatilia binafsi ng'ambo, kwenye semina, hotelini, kwa uchungu mkubwa. (Kicheko nyuma. Askari wanageuka.)

Namwona Mama Pacha amenyoosha mkono. Mama huyu juzi alikuja ofisini akamwaga mapasheni yaliyooza juu ya zulia langu, akidai wanawe wanakula hayo hayo asubuhi na jioni. Nilimsamehe. Sema, mama.

("Mheshimiwa, tumekuja na visu. Tutazikwangua hizo kuta wenyewe. Mnara uko wapi?" Makofi marefu, si ya meza kuu.)

Swali zuri, limepokelewa. Mnara uko katika awamu ijayo. Tuliona busara kutatua kunata kwanza, tusije tukajenga kitu kikachafuka.

Tone! (Watu wa nyuma wanaanza kuinuka.) Mnaitikia: Likauke! Tone! ("Likauke," anaitikia mkewe.)

Nahitimisha kwa kumshukuru fundi seremala aliyetuazima mlango huu ninaokwenda kuukatia utepe. Mpiga picha asimame upande wangu tu; ukiupita mlango unatokea shambani kwa watu. Asanteni sana, hata ninyi mnaoondoka.