Kasuku wa Porini Nyuma ya Kiwanda

Blanketi alipewa jina hilo kwa sababu alishawafunika wengi, na wote waligundua asubuhi. Siku hiyo alikuwa ameegemea mlango wa studio ya picha, akipumzika bila kuwa amechoka, alipomsikia mzee mwenye koti la mifuko mingi akiongea na fundi wa studio.

"Natafuta kasuku wa porini. Niwapige picha wakiwa kwao, mtini, bila kusumbuliwa. Kila picha nzuri nailipia."

Fundi akasema hapa mjini kuna kunguru tu. Blanketi akakohoa kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Kasuku wapo. Ila wana aibu, wamenizoea mimi tu."

Kasuku aliowafahamu walikuwa wawili. Walikaa sebuleni kwa mama mkwe wake, mbawa zimepunguzwa, wakila karanga zilizomenywa. Blanketi naye alikaa humo humo, chumba cha uani, bila kuchangia hata chumvi. Ndege hao mama mkwe aliwaita "wanangu." Blanketi mwenyewe aliitwa "huyu," na mama mkwe alishamwonya: uongo mmoja tu tena, utahama.

"Mama, kucha za kasuku zimezidi," Blanketi akamwambia kesho yake. "Niwapeleke kwa daktari wa mifugo."

"Nikitoka kazini niwakute."

"Mama, hao si ni shemeji zangu?"

Haukupita muda, shemeji hao walikuwa juu ya mti nyuma ya kiwanda kilichofungwa, miguu imefungwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Mzee akafika na begi kubwa na kamera yenye miguu mitatu. Blanketi akaanza mahubiri: hakuna kuongea, hakuna kupiga chafya, pori lina heshima yake.

"Nani mlangoni?" akauliza kasuku mmoja.

Blanketi akakauka. Mzee akafumba macho kama anayesikiliza kinanda.

"Sauti ya porini kabisa," akanong'ona. "Mjini huwezi kuisikia."

"Baba hayupo, njoo kesho," akaongeza kasuku wa pili.

"Huyo ni dume. Analinda eneo lake."

Blanketi nusura alie kwa furaha. Wajinga alishawaona, lakini huyu alistahili kujengewa uzio. Kwa hiyo mzee aliposema kuwa ndege huogopa watu wawili, akampa turubai ajifunike nyuma ya ukuta, Blanketi alijifunika mpaka visigino.

Humo ndani akasikia: kch. Kch. Kila mlio akaununulia suruali kichwani mwake. Kisha kukawa kimya kirefu, kimya cha kitaalamu, naye akakivumilia mpaka shingo ikamuuma.

Alipotoka, nyuzi zilikuwa zinaning'inia mtini, ncha zimekatwa kwa mkasi. Mzee hayupo, begi halipo, ndege hawapo. Kamera ilibaki. Alipoigusa ikaanguka kwa mlio wa kopo, kwa kuwa lilikuwa ni kopo la maziwa lililopakwa rangi nyeusi.

Jioni mama mkwe alimkuta sebuleni, amesimama kando ya tundu tupu.

"Wanangu wako wapi?"

Blanketi akafungua ule mdomo wake ambao haukuwahi kumwangusha.

"Mama, ni furaha tupu. Wamepata nafasi ya masomo ng'ambo."

Mama mkwe akamtazama. Akaenda chumba cha uani, akarudi na begi la nguo, akaliweka nje ya mlango taratibu.

"Hata wewe umepata," akasema, akasubiri atoke, akashusha komeo.