Megapikseli za Fundi Mulama

Mulama alikuwa amesimama mbele ya watu kumi na tisa, akiwafundisha namna ya kuepuka matapeli, alipoiona ile kamera.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kukodi huko Lucky Summer, ambako Chama cha Wapenda Picha hukutana kila wiki. Wanachama wake ni watu wa kawaida: vibarua wa viwanda vya Baba Dogo, wauza mitumba wa Gikomba, mwalimu mmoja wa chekechea. Wote wamepatwa na ugonjwa mmoja wa kupiga picha za maua, machweo na watoto wa majirani. Hakuna anayelipwa kwa kazi hiyo. Wao ndio hulipa, na mara nyingi anayelipwa ni Mulama.

"Ukitaka kununua kamera iliyotumika, mambo ni matatu," alikuwa akisema, tochi mkononi. "Kwanza, mulika ndani ya lenzi uangalie kama imeota kuvu. Pili, piga picha uifungue kwa kompyuta. Programu itakuambia hiyo kamera imebofywa mara ngapi tangu itoke kiwandani. Tatu, usikubali kuharakishwa. Mtu akikukataza kumulika, beba pesa zako uende nyumbani."

Yote hayo yalikuwa kweli tupu. Mulama aliamini kwamba ukimpa mtu ukweli kwa saa nzima, atakuamini kwa dakika tano za uongo, na dakika tano zilikuwa zinamtosha kabisa.

Kila Jumamosi dakika tano zenyewe zilikuja baada ya somo. Hapo Mulama alifungua kompyuta yake na kuwaongezea watu megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Kazi ilikuwa rahisi. Alichukua picha ya mteja, akaivuta kwenye programu mpaka ikawa kubwa zaidi ya maradufu, akamwonyesha namba. "Umeona? Ilikuwa kumi, sasa ni ishirini na nne." Kisha alibandika stika ndogo ya dhahabu yenye namba 24 kwenye kamera, akaifuta kwa kitambaa safi na kumpa mwenyewe kwa mikono miwili. Mugo, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, alikuwa amefanyiwa huduma hiyo mwezi uliopita. Alipoulizwa kama ameona tofauti, alisema picha zimenenepa.

Basi siku hiyo, katika safu ya nyuma, aliketi mwanamke wa makamo aliyejitanda shungi la kahawia. Alikuwa akiandika kila neno la Mulama kwenye daftari la shule. Mapajani mwake kulikuwa na kamera kubwa nyeusi yenye lenzi nene kama kopo la mafuta ya kupikia.

Mulama aliitambua lenzi hiyo kabla hajalijua jina la mwenyewe. Kwa miaka miwili alikuwa akienda mjini kila mwisho wa mwezi kuitazama dirishani mwa duka fulani, mpaka mlinzi wa hapo akawa anamsalimu kwa jina. Hakuwahi kuingia ndani. Ni lenzi ya kupigia picha za sura, ile inayomfanya hata mtu aliyekosa usingizi aonekane ana mawazo ya maana. Mulama alikuwa tapeli, hilo halina mjadala, lakini picha alizipenda kwa moyo wake wote, na lenzi hiyo aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Yule mama aliinua kamera, akafumba jicho moja, akampiga Mulama picha moja tu, tochi ikiwa bado mkononi mwake. Kisha akarudi kwenye daftari lake.

Somo lilipoisha, Mulama alizunguka ukumbi mzima akisalimu watu wasiohitaji kusalimiwa, ndipo akafika safu ya nyuma kana kwamba amepotea njia.

"Mama, karibu chamani. Sijakuona hapa mbeleni."

"Mimi naitwa Batulo. Nimetoka Eastleigh. Nataka kujifunza kupiga ndege picha."

"Ndege ni kazi ngumu, Mama. Na hii kamera..." Mulama aliitazama kwa huruma, namna mtu anavyotazama mbuzi mgonjwa wa jirani. "Ni megapikseli ngapi?"

"Kumi na mbili."

Mulama alivuta pumzi. Mugo, aliyekuwa karibu, naye akavuta pumzi, kwa heshima.

"Kumi na mbili," alirudia Mulama. "Mama, sitaki kukudanganya. Simu ya mlinzi wa hapo nje iko na hamsini. Hii ni ya kuuzwa kwa kilo, kule kwa watu wa vyuma."

"Kweli? Lakini hebu tazama hii picha niliyokupiga sasa hivi. Niambie kama ni nzuri." Mama Batulo alimsogezea kamera kabisa, kioo kikimwelekea.

Msomaji akumbuke hapa kwamba mwanamke huyu alimsogezea kamera. Mulama aliusukuma mkono wake polepole. Ukionyesha hamu, bei inapanda. Hiyo ndiyo sheria pekee ambayo Mulama hakuwahi kuivunja.

"Picha ya kumi na mbili sina haja ya kuiona, Mama. Itaniumiza macho. Lakini kwa sababu wewe ni mgeni wetu, nitakusaidia." Alitoa mkobani kamera ndogo nyekundu, nyepesi kama sanduku la kiberiti, yenye namba 64 kwa dhahabu. "Sitini na nne. Tubadilishane tu, bila kuongeza hata shilingi. Mimi hasara nitaimeza."

Mama Batulo aliigeuzageuza ile nyekundu, akaibonyeza, ikalia kama kifaranga. "Wacha nifikirie mpaka wiki ijayo," alisema.

Wiki hiyo Mulama hakula vizuri. Alijiona tayari na lenzi yake, akipiga picha za wazee wa Kariobangi wakicheza bao, za mama wa mahindi akipepea jiko, picha ambazo watu wangesimama kuzitazama. Mara hii hakukusudia kuuza. Alikusudia kuwa nayo, na jambo hilo lilimtia wasiwasi kwa sababu hakuwa amelizoea.

Jumamosi iliyofuata chama kilikwenda Soko la Burma kupiga picha za moshi. Moshi wa nyama choma, jua likipita katikati yake, ni kitu ambacho mpenda picha hawezi kukipita. Juu ya paa la bucha moja walikuwa wamesimama korongo wanne wakubwa wenye vipara, wakingoja mifupa kwa subira ya watu waliopanga foleni ofisini.

Mama Batulo alikuja na sanduku lenyewe la kamera, mkanda ukiwa umekunjwa vizuri ndani yake. Waliketi kwenye meza ya mbao. Mulama alimsogezea ile kamera nyekundu. Yeye akairudisha.

"Hii hapana. Nimeona wewe mwenyewe huitumii. Nataka hiyo iko kwa shingo yako."

Mulama alishika kifua. Shingoni mwake ilining'inia kamera yake mwenyewe, ndogo, safi, aliyoinunua kwa akiba ya mshahara wa miaka miwili katika kiwanda cha plastiki, kabla hajawa mjanja. Kilikuwa kitu pekee alichowahi kukipata kwa halali. Hakuwahi kuibandika stika.

"Mama, hii... hii ni kama mtoto wangu."

"Basi wacha. Nitapeleka yangu kwa watu wa vyuma, kama ulivyoniambia." Akaanza kufunga sanduku.

"Ngoja, Mama, ngoja! Haraka ya nini?" Mulama alipiga hesabu. Kamera yake aliipenda, lakini lenzi ile peke yake ilikuwa na thamani ya kamera kama hiyo mara tano. "Sawa. Kwa sababu ya chama."

"Ahsante." Mama Batulo alifungua daftari lake, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Kwanza, mulika ndani." Akatoa tochi mkobani. Akaitoa lenzi ya Mulama kwa mzunguko mmoja wa kidole, akamulika mbele, akamulika nyuma. "Safi. Pili, programu." Wanachama walikuwa wamekusanyika. Mugo alimfungulia kompyuta ya Mulama, wakapiga picha moja, wakaitia. "Mara elfu tisa na kidogo. Hii bado changa. Tatu, usiharakishwe." Akaketi kimya dakika nzima, akinywa chai.

Mulama alinyoosha mkono kuelekea lile sanduku. "Basi na mimi nimulike yako kidogo, Mama. Utaratibu tu."

"Umulike nini, kijana? Si ulisema ni chuma chakavu? Unatafuta nini ndani?"

Meza yote ilimgeukia. Mugo alikuwa ameshika kamera yake, ile ya namba 24.

"Enyewe, Fundi," alisema Mugo, "si wewe ulisema kumi na mbili ni ya kuuzwa kwa kilo? Ama siku hizi kumi na mbili iko sawa?"

Mulama aliangalia nyuso kumi na tisa. Kama kumi na mbili ilikuwa sawa, basi watu wanane kati yao, aliowauzia megapikseli, walikuwa na maswali ya kumuuliza, na wawili walikuwa wabeba mizigo wa Gikomba. Alirudisha mkono.

"Ni takataka kabisa," alisema. "Naichukua kwa huruma tu."

"Na wewe husema bidhaa ikishatoka hairudi?" aliuliza Mama Batulo.

"Hairudi."

"Andika hapa. Mugo na Kezia watashuhudia."

Aliandika kwenye lile daftari, chini kabisa ya somo lake mwenyewe, akatia sahihi. Mugo akatia yake, na Kezia, mwalimu wa chekechea, akatia yake kwa kalamu nyekundu. Mama Batulo alivaa kamera ndogo shingoni, akasimama na kuielekeza juu ya paa. Korongo mmoja alifungua mbawa. Mama Batulo alibofya mara moja tu, wala hakuangalia kioo kama ameipata.

Mulama alifika chumbani kwake Kariobangi jua lingali juu. Alifunga mlango, akanawa mikono, akaitoa lenzi kama anayemtoa mtoto majini. Alikaa nayo kidogo bila kufanya chochote, na kwa dakika hizo alikuwa na furaha kamili. Kisha akawasha tochi.

Ndani ya lenzi, kuvu ilikuwa imetambaa kote, nyuzi nyeupe zilizosokotana kama mizizi ya kitunguu. Alifuta kioo cha mbele, ingawa alijua fika kwamba haiko mbele. Akafuta cha nyuma. Akazima tochi, akaiwasha tena.

Aliitoa kadi ya kamera, akaitia kwenye kompyuta. Ilikuwa na picha moja tu. Programu, ambayo haijui adabu, ilimweleza kila kitu: kamera imebofywa mara laki nne na elfu kumi na mbili. Jina la mwenyewe: Studio Zakariye, Pasipoti Dakika Tano.

Alimpigia Mugo simu. "Niaje, Mugo. Huyu Mama Batulo ni nani?"

"Mama Batulo? Huyo ni wa studio, Fundi. Eastleigh. Yeye na marehemu mzee wake, Zakariye, walipiga watu picha za pasipoti miaka ishirini. Anasema amechoka na watu wanaokaa wima bila kucheka, sasa anataka ndege."

"Na mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Halafu pia nilimpelekea kamera yangu aitazame. Aliibandua ile stika kwa ukucha, akacheka mpaka akakaa chini. Aliniambia nisikasirike, nimwachie yeye tu hiyo kazi."

Simu ilikatika. Mulama aligusa shingo yake pale mkanda ulipozoea kukaa, na ilimuuma kweli, jinsi kitu kinavyouma ukijua ulikitoa kwa mkono wako mwenyewe. Hapo ndipo alipoifungua ile picha aliyokataa kuitazama.

Alikuwa yeye, ukumbini Lucky Summer, mwanga wa dirisha ukimwangukia upande mmoja, tochi mkononi, mdomo wazi katikati ya neno la kweli. Alikubali kwamba imepigwa na mtu anayejua kazi. Kuvu ilikuwa imetandaza ukungu mwembamba juu ya kila kitu na kumlainisha uso, mpaka akaonekana mtu mwaminifu kabisa. Aliitazama kwa muda mrefu, kwa sababu hakuwahi kujiona hivyo.

Pembeni mwa picha programu ilikuwa imeandika ukubwa wake. Megapikseli kumi na mbili. Zilikuwa zimetosha.